Ndege Ndogo ya Mbao

Ndege kubwa mnazijua. Zinapita juu ya kijiji, mnainua macho, mnapiga kelele, kisha zinapotea mawinguni. Leo tutasoma habari za ndege nyingine, ambayo haibebi mtu hata mmoja. Toka ncha ya bawa hata ncha ya pili ni mita 1 na nusu tu, na uzito wake ni kilo 1 na nusu, kama kuku. Mtu husimama chini, ameshika kisanduku mikononi, naye huiongoza kwa radio. Akitaka ipande, inapanda. Akitaka igeuke, inageuka.

Ndege ya namna hii hununuliwa ikiwa vipande vipande ndani ya sanduku, naye aliyeinunua huijenga mwenyewe. Katika somo hili mtajifunza jinsi inavyojengwa. Tena mtasikia habari ya kosa dogo lililotaka kutuletea msiba. Kosa hilo lilikuwa langu.

1. Sanduku

Miaka michache iliyopita rafiki mmoja wa Ulaya aliiletea shule yetu zawadi: sanduku refu la karatasi ngumu. Wanafunzi wanaojifunza useremala walilizunguka kama nyuki. Walidhani ndege imo ndani, tayari kuruka. Nilipofungua kifuniko, nyuso zao zilibadilika. Waliona vijiti, vibao vyembamba, nyaya za chuma, magurudumu matatu, na karatasi kubwa iliyokunjwa.

Mmoja akasema: "Furere, hii si ndege, hii ni kuni."

Tukacheka sote. Lakini alisema kweli. Vipande vile ni kuni mpaka apatikane mtu wa kuvisoma.

Karatasi ile kubwa ndiyo mchoro. Kila kipande kimechorwa humo kwa ukubwa wake wenyewe. Ukiuweka ubavu wa bawa juu ya mchoro wake, unafunika mistari sawasawa. Kwa hiyo mjenzi hujenga juu ya mchoro, kipande juu ya picha yake.

Siku ya kwanza hatukutumia gundi hata tone moja. Tulivihesabu vipande, tukaandika namba ya kila kimoja kwa penseli, tukasoma maelezo yote toka mwanzo hata mwisho. Wengine walinung'unika, kwa kuwa mikono yao ilitaka kazi. Lakini kusoma mchoro ni kazi pia. Anayebandika kwanza na kusoma baadaye, hubandua.

2. Mti mwepesi

Karibu vipande vyote vilikuwa vya mti uitwao balsa. Ukishika kibao cha balsa mara ya kwanza, utafikiri ni kitu kitupu ndani. Wanafunzi walipokezana kimoja mkono kwa mkono, kila mtu akikipima na kutikisa kichwa.

Balsa huota katika nchi za joto na mvua za Amerika. Sehemu kubwa ya ile inayouzwa duniani hutoka Ekwado, nchi iliyo upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini. Mti huu hukua upesi sana. Kwa miaka 6 hata 10 hivi umekwisha kuwa mti wa kukatwa. Sasa linganisheni. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 1,000. Ya mvule mkavu ina kilo 650 hivi. Ya balsa kavu ina kilo 160 hivi tu.

Msiudharau mti huu kwa kuwa ni mlaini. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza walijenga ndege ya vita ya mbao yenye moteri mbili, wakaiita Mosquito, maana yake mbu. Mwili wake ulikuwa balsa katikati, na mbao nyembamba ngumu zaidi zimebandikwa ndani na nje. Iliruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, na baadaye zilijengwa zaidi ya 7,000. Mti mlaini ukiwekwa mahali pake, na kwa namna inayofaa, hubeba mambo makubwa.

Namna inayofaa ni ipi? Tazameni nyuzi za mbao. Kibao cha balsa ukikivunja kwa kufuata nyuzi, kinapasuka kama mkate. Ukijaribu kukikunja kwa kukata nyuzi, kinakataa. Kwa hiyo boriti ya bawa hukatwa ili nyuzi zake ziende toka mwanzo wa bawa hata ncha. Na pale penye mzigo mzito, yaani panapofungwa moteri na miguu ya magurudumu, hatuweki balsa. Tunaweka tripleksi, kwa kuwa tabaka zake zimebandikwa nyuzi zikipishana, nayo haipasuki ovyo.

3. Juu ya meza

Kazi hii yataka vyombo vichache: wembe, rula, msasa, pini nyingi, gundi ya mbao, na kitu kimoja kinachopita vyote, yaani ubao ulionyooka. Tulichukua ubao mpana, tukaupima kwa rula ya chuma kila upande, tukaupiga randa mpaka mwanga usipite chini ya rula. Juu yake tukatandaza mchoro, na juu ya mchoro tukatandaza nailoni, ili gundi isishike karatasi.

Bawa hujengwa nusu nusu. Kila nusu ya bawa letu ilikuwa na urefu wa sentimita 75 na upana wa sentimita 25. Kwanza tuliilaza boriti ya chini juu ya mchoro na kuifunga kwa pini. Kisha tukasimamisha mbavu 11, moja moja, tukizipima kwa kona ya mbao ili zisiegemee. Halafu boriti ya juu, ukingo wa mbele, ukingo wa nyuma. Ubavu wa bawa umenyooka chini na kuvimba juu, mfano wa mgongo wa samaki.

Mtauliza: bawa linaibebaje ndege? Bawa linakwenda mbele, na ukingo wake wa mbele umeinuka kidogo kuliko wa nyuma. Hivyo linaisukuma hewa kwenda chini, nayo hewa inalisukuma bawa kwenda juu. Ukitoa mkono wako nje ya motokari inayokwenda, ukainua kidogo upande wa kidole gumba, utasikia mkono unapandishwa. Lakini usifanye hivyo bila ruhusa ya dereva. Shikeni neno hili la ukingo wa mbele na ukingo wa nyuma, kwa maana tutalihitaji.

Gundi ya mbao hutiwa kidogo tu. Gundi nyingi ni uzito, haiongezi nguvu. Ikiisha kutiwa, kazi huachwa juu ya ubao na pini zake usiku kucha. Hapo ndipo uvumilivu unapoonekana. Ipo pia gundi inayokauka kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, nasi tulikuwa nayo. Lakini gundi ya upesi hukausha na makosa upesi.

Nusu ya kuume tuliijenga siku ya Jumatatu, tukaiacha mpaka Jumatano. Ilipotolewa ilikuwa imenyooka kama uzi.

Nusu ya kushoto tuliijenga Alhamisi jioni. Nami nilikuwa nimewaahidi wanafunzi wote kwamba ndege itaruka siku ya kufunga shule, yaani Jumatano inayofuata. Mkia haujajengwa, na ubao ulionyooka ni mmoja tu. Basi usiku ule, saa mbili baada ya kutia gundi, nikang'oa pini, nikaliegemeza bawa ukutani, nikauanza mkia.

4. Penseli chini ya bawa

Katika wanafunzi wale alikuwamo kijana mmoja wa darasa la sita, si msemaji. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa na kufagia. Asubuhi ya Ijumaa alizilaza nusu zote mbili za bawa juu ya meza, moja baada ya nyingine. Ya kuume ililala kwa pembe zake nne. Ya kushoto ililala kwa pembe tatu. Pembe ya nne, ile ya nyuma kwenye ncha, ilikuwa inaelea. Akachukua penseli, akaisukuma chini ya pembe ile. Ikapita.

Akaniita: "Furere, hapa penseli inapita."

Nikaja, nikatazama. Penseli ina unene wa milimita 7 hivi. Nilijua dawa yake: kulilowesha bawa kwa mvuke, kulifunga tena kwa pini juu ya ubao, na kungoja siku mbili. Nikahesabu siku zilizobaki. Mwili bado, mkia bado, kufunika bado.

Nikamwambia: "Si kitu, mwanangu. Ikipinda kidogo, radio itairekebisha."

Akaitoa penseli, akaendelea kupiga msasa. Hakusema neno tena. Mtoto aliyeambiwa na mkubwa kwamba si kitu, atasema nini?

Tukaziunganisha nusu mbili. Ncha zake ziliinuka kidogo, kama mikono ya mtu anayetembea juu ya gogo, kwa sababu bawa la namna hiyo huisaidia ndege kujinyosha yenyewe. Tukalifunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki inayobanwa kwa pasi ya moto. Ikavutika kama ngozi ya ngoma, nyekundu, yaling'aa. Watu wote wakasifu. Ule mpindo haukuonekana tena, ila kwa mtu aliyejua mahali ulipo.

5. Radio inavyofanya kazi

Mkononi mwa mwongozaji mna kisanduku chenye vijiti viwili. Akisukuma kijiti, kisanduku kinatuma mawimbi ya radio. Mawimbi hayo hatuyaoni wala hatuyasikii, lakini ndani ya ndege mna chombo kidogo cha kuyapokea. Chombo hicho kinavipa amri vimashini viwili viitwavyo servo. Servo ina mkono mfupi. Mkono ukigeuka unasukuma waya, na waya unageuza kibao kilichoko mkiani. Servo moja hugeuza usukani wa kwenda kushoto na kuume, kama usukani wa mtumbwi. Ya pili hugeuza kibao cha kupandisha na kushusha. Amri ya tatu huenda kwa moteri ya umeme, ikaongeza au kupunguza mbio za helisi, ndiyo panga lile linalozunguka mbele.

Mambo haya si ya jana. Katika mji wa Kalamazoo, huko Michigan katika Marekani, walikuwako ndugu wawili mapacha, Walter na William Good. Walter alipenda kujenga ndege ndogo, William alipenda radio. Wakaunganisha maarifa yao. Mwaka 1937 waliirusha ndege ya mbao yenye mabawa ya zaidi ya mita 2, wakaiongoza kwa radio waliyoiunda wenyewe. Waliiita Guff. Radio za siku zile zilikuwa na taa za kioo na betri nzito, na kwa sababu hiyo ndege ilipaswa kuwa kubwa. Guff imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya mambo ya anga ya Marekani.

Radio zetu za leo ni nyepesi kuliko yai, tena kila kisanduku kinaitambua ndege yake. Zamani watu wawili wakitumia mawimbi ya namna moja, ndege ya mmoja iliweza kuanguka kwa kosa la mwenzake. Sasa hatari hiyo imepungua sana. Lakini fahamuni jambo hili: radio hupeleka amri ya mkono tu. Haijui kama ndege imejengwa vizuri au vibaya.

6. Siku ya kufunga shule

Asubuhi ya Jumatano tulipima mambo yote. Tuliibeba ndege kwa vidole viwili chini ya bawa, sentimita 7 na nusu nyuma ya ukingo wa mbele, ili tuone kama inakaa sawa kama mizani. Mkia ulishuka, kwa hiyo tukatia risasi gramu 60 puani, mpaka ikatulia. Ndege yenye mkia mzito haiongozeki. Tukatazama usukani: kijiti kuume, usukani kuume. Mmoja akaenda na kisanduku hatua 30 mbali, huku nguvu ya radio imepunguzwa. Servo ziliendelea kutii. Tukapima kila kitu isipokuwa bawa, kwa kuwa lile nilikuwa nimekwisha kulihukumu.

Tukaenda kwenye kiwanja cha mpira. Iko sheria moja ya warusha ndege: watu wote wasimame nyuma ya mwongozaji, asiwepo mtu pengine. Sheria hiyo niliijua. Lakini watoto walijipanga pande zote mbili za kiwanja, kama siku ya mechi, nami sikutaka kuwaudhi. Wadogo wa darasa la kwanza waliketi upande wa kuume.

Ndege ilikimbia juu ya majani ikielekea upepo, ikaruka. Kelele zilijaa kiwanja. Mara ile ile nikaona inavuta kushoto. Nikashika usukani kuume kidogo, ikanyoka. Nikaizungusha mara tatu juu ya shule, kidole changu hakikuacha kijiti hata kidogo. Nikafikiri moyoni: kumbe radio inairekebisha kweli.

Kisha ikawa saa ya kutua. Nikapunguza moteri. Ndege ikaja pole pole, chini zaidi, pole pole zaidi, nami bado nimeshika kuume. Ilipokuwa juu kidogo ya milingoti ya goli, bawa la kuume lilianguka ghafula, kama mtu aliyekosa ngazi. Nikasukuma kijiti kushoto, haikusikia. Ilipiga ardhi kwa pua, hatua nane mbele ya watoto wadogo.

Kelele zote zilikatika. Tukakimbilia watoto kwanza. Hakuna aliyeumia. Kipande cha helisi kilikuwa kimechoma ardhi karibu na miguu ya mtoto mmoja. Alikuwa anakitazama tu, bila kulia.

7. Sababu yake

Pembe ya nyuma ya bawa la kushoto ilikuwa imeinuka. Kwa hiyo bawa lile liliisukuma hewa chini kidogo kuliko mwenziwe. Lilibeba mzigo mdogo, na ndege ikalala upande wa kushoto. Mimi nikaizuia kwa usukani wa kuume. Wakati wa mbio, jambo hilo liliwezekana.

Lakini bawa lina mpaka wake. Ndege ikienda pole pole mno, na ukingo wa mbele ukiinuka mno, hewa inaacha kuufuata mgongo wa bawa. Inavurugika, na bawa halibebi tena. Bawa la kuume ndilo lililokuwa limeinuka zaidi mbele na kubeba zaidi, tena usukani wangu ulikuwa unalirudisha nyuma. Basi likawa la kwanza kufika mpakani. Ndiyo maana ndege iliyovuta kushoto njia yote ilianguka upande wa kuume. Mkono wangu haukulirekebisha kosa. Ulilificha tu hadi saa ile mbaya.

Je, mpindo wa unene wa penseli una nguvu hivyo? Ndiyo, tena wako watu waliotumia nguvu hiyo kwa makusudi. Mwaka 1878 baba mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe kidude cha kuchezea kilichoruka kwa nguvu ya kamba za mpira. Watoto hao ni Wilbur na Orville Wright. Walipokuwa watu wazima walitengeneza baiskeli katika mji wa Dayton, huku wakitafuta njia ya kuiongoza ndege isilale upande. Mwaka 1899 Wilbur alikuwa ameshika kisanduku kitupu cha karatasi ngumu, cha mpira wa baiskeli. Akakipindapinda mikononi bila kufikiri, mara akaona: bawa nalo laweza kupindwa hivi, upande mmoja juu, wa pili chini, na ndege italala upande autakao mtu. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege yao, yenye mabawa ya kupindwa kwa kamba, ilipaa na mtu kwa sekunde 12. Siku ile ile iliruka tena, na safari ya mwisho ilidumu sekunde 59.

Hivyo ndugu hao walipinda bawa kwa akili ili waiongoze ndege. Mimi nililiacha limepinda kwa haraka, likaiongoza ndege mahali nisipotaka.

8. Kujenga tena

Jioni ile nilimwita kijana wa penseli. Nikamwambia mbele ya wenzake: "Wewe uliona, mimi nilijua, nikakataa kusikia. Nisamehe."

Akatazama chini, kisha akajibu: "Furere, tuanze na bawa."

Bawa lilikuwa limefungwa mwilini kwa kamba za mpira tu, kwa hiyo lilichomoka lilipoanguka, nalo halikusagika lote. Mbavu nne za kuume zilivunjika, pua ilipasuka, helisi ilikuwa vipande. Tulikata mbavu mpya tukifuata mchoro. Nusu ya kushoto tuliivua plastiki, tukaipitisha juu ya mvuke wa birika, tukaifunga kwa pini juu ya ubao. Hakuna aliyeigusa kwa siku tatu. Siku ya nne kijana yule alikuja na penseli yake, akaijaribu pembe zote nne. Haikupita.

Tulirusha tena baada ya likizo. Safari hii watu wote walisimama nyuma yangu, hata wakubwa. Ndege ilipaa ikaenda mbele sawasawa, nami niliweza kuondoa kidole kwenye kijiti. Ilirudi pole pole, ikagusa majani kwa magurudumu, ikasimama.

Toka siku ile hakuna bawa linalotoka juu ya ubao wetu kabla kijana yule, au mwingine aliyefundishwa naye, hajapitisha penseli. Ameacha shule sasa, ni seremala, anajenga milango na madirisha. Wanasema milango yake haikwaruzi sakafu.

Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tuliona ufa mapema, na mwenye macho alikuwa mdogo kuliko sisi sote. Ndege isiyokaa sawa mezani haitakaa sawa hewani. Ukiona kosa, sema. Ukiambiwa kosa, sikia.

Maneno ya kujifunza

Boriti ya bawa: kijiti kirefu kinachobeba mbavu zote.
Helisi: panga la ndege linalozungushwa na moteri.
Kutua: kushuka chini na kusimama.
Mchoro: picha ya kazi yenye vipimo.
Mpindo: mahali palipopotoka, pasiponyooka.
Tripleksi: ubao wa tabaka nyembamba zilizobandikwa pamoja.

Maulizo

1. Kwa nini mwanafunzi alisema: "Hii si ndege, hii ni kuni"?
2. Mita moja ya ujazo ya balsa ina kilo ngapi hivi? Ya mvule? Tofauti yake ni kilo ngapi?
3. Kwa nini tripleksi huwekwa penye moteri?
4. Nusu ya kushoto ya bawa ilipindaje? Eleza kwa maneno yako.
5. Ndege ilivuta kushoto. Kwa nini basi ilianguka upande wa kuume?
6. Walter alifanya nini, na William alifanya nini?
7. Siku ya kufunga shule sheria gani ilivunjwa? Ingeweza kuleta nini?
8. Taja siku moja ulipoona kosa ukanyamaza. Ungesema nini, na kwa heshima gani?

Kazi ya mikono

Kunja ndege ya karatasi, kila upande sawa na mwenziwe. Irushe mara tano, uandike kila mara ilikokwenda. Sasa chukua bawa la kushoto, ukunje ukingo wake wa nyuma kuelekea juu, kidogo sana, kama unene wa penseli. Irushe tena mara tano. Inageukia wapi? Nyosha ukingo, kisha ukunje ule wa kuume. Waonyeshe wenzako, na uwaeleze sababu.